Mjane Aliyecheza Nzango

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa hewani wakati shemeji yangu alipoingia uani mwa hospitali. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi ya ujane, nimeipandisha na kuifunga kiunoni isinikwaze, jasho linanitiririka, naimba kwa sauti ya kufika barabarani. Yeye alikuwa amevuka ziwa kutoka Ubwari asubuhi ile, amevaa shati lake la kanisani, amekuja kuangalia kama mjane wa mdogo wake amepona kichwa. Akanikuta naruka.

"Mawe!" akasema. "Huyu njo mujane wa ndugu yangu?"

Nikaushusha mguu. Pointi ilikuwa yetu, na niliidai kwanza ndipo nikamsalimu. Watu wa Baraka, mji wetu huu, wananilaumu kwa hilo hadi leo. Walaumu tu, midomo ni yao.

Nieleze nzango kwa ambaye hakukulia Kongo. Ni mchezo wa wasichana. Mnasimama mistari miwili mkitazamana. Mmoja kutoka kila mstari anaingia katikati, mnapiga makofi, mnaimba, mnaruka pamoja, na wimbo unapokatika kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Miguu ikikutana, wangu wa kushoto na wako wa kulia, pointi ni yetu. Ikipishana, ni yenu. Basi. Hakuna mpira, hakuna viatu, hakuna la kununua. Shuleni kule Fizi tuliucheza mpaka kengele ilie, na tukifika nyumbani tunachapwa kwa sababu ya vumbi. Wizi wake ni mmoja tu, kuchelewesha mguu: unangoja kidogo uone mwenzio ametupa upi, ndipo unatupa wako. Mwizi wa nzango anajulikana mtaa mzima, na kwetu tulisema haolewi upesi.

Siku hizi wako wanawake wakubwa wanaoucheza na timu na jezi, nasikia hata mijini. Lakini katika ukoo wa mume wangu mwanamke akishazaa haruki tena, na mjane ndiyo usiseme. Kwa hiyo msidhani shemeji alishangaa bure. Kwake yeye nilikuwa nimefanya jambo baya kuliko kutembea uchi sokoni, maana anayetembea uchi watu husema ni ugonjwa.

Mume wangu alikuwa mvuvi. Aliondoka na wenzake wakati wa giza la mwezi, wakati ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata taa, upepo ukawakuta mbali, upande wa nje wa Ubwari. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakuonekana, wala mwili wake haukuonekana. Tulitafuta pwani yote. Nilipita vijiji ambavyo sikuwahi kuvijua, nikiuliza watu kama ziwa limewaletea mtu. Waliniangalia kwa huruma, wakanipa maji ya kunywa, wakasema hapana mama.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Ukoo ule una desturi. Mjane huvishwa nyeusi siku ya mazishi, akakaa. Haimbi, hachezi, hacheki kwa sauti, haendi sokoni kubishana. Muda wake ukifika wazee wanakusanyika kaburini, wanaondoa matanga, anavuliwa nyeusi, anaogeshwa, anarudi kuwa mtu kati ya watu. Ni desturi nzuri, siitukani. Inampa mtu mahali pa kulilia na siku ya kunyamaza. Lakini inataka kaburi, na mimi sikuwa nalo. Wazee wakakaa, wakajadiliana, wakasema tungoje, ziwa litamrudisha. Wakanivisha nyeusi bila mazishi, wakapanda boti kurudi Ubwari, na hakuna aliyejiuliza nani atanivua.

Nikakaa. Haki ya Mungu, nilikaa kweli. Mimi niliyekuwa naanika ndagala mchangani, ambaye sauti yangu ilijulikana pwani nzima kwa kuwafukuza kunguru na kuwatukana wanaokanyaga samaki wa wenzao, nilikaa ndani na mikono mapajani. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Yule alinirithi mimi, si baba yake. Alikuwa haendi mahali kwa kutembea, anaruka tu, anavunja vyungu, anagombana na watoto wa jirani kisha anakuja kunishitaki mimi kwangu mwenyewe. Kabla ya upepo ule, jioni tulikuwa tunacheza nzango uani, yeye na mimi, mlango umefungwa ili watu wasione mama mzima akiruka. Nilimshinda kila siku. Sikuwahi kumwachia pointi hata moja, na alikuwa analala amenuna.

Kichwa kikaanza kuniacha. Usingizi ulitangulia, chakula kikafuata, kisha maneno. Halafu nikawa najikuta nimesimama ndani ya ziwa, na nguo zangu zote, maji yamefika kiunoni. Simwiti mtu. Silii. Nangoja tu, maana ndivyo tulivyoagizwa, tungoje. Wanawake wa ndagala walinitoa siku ya kwanza, wakanitoa na ya pili, na baadaye wakawa wanamweka mmoja wao anitazame huku wanaanika. Wakasema ni pepo. Nikapelekwa chumba cha maombi, nikaombewa na kufungishwa saumu. Sina ugomvi na sala, nasali hadi leo. Lakini nilipotoka kule nilikwenda moja kwa moja ziwani.

Ndipo shemeji alipokuja kumchukua binti yangu. "Mutoto hawezi kaa na muntu wa wazimu," alisema. "Ukipona, utamuona." Akamshika mkono, wakashuka bandarini. Mtoto alikuwa anageuka nyuma kila hatua. Mdomo wote huu mnaousikia, siku ile haukutoa neno.

Kaka yangu ndiye aliyenipandisha nyuma ya pikipiki, akanifunga kwake kwa kitenge nisianguke, akanipeleka hospitali, kwenye lile jengo la mwisho ambalo watu hupita mbele yake wakiharakisha.

Vidonge walinipa na nilivimeza. Asije mtu akasema kwamba nafundisha watu watupe dawa. Vidonge viliniletea usingizi, na usingizi nilikuwa nauhitaji kweli. Lakini nilipoamka nilikuwa mtu yule yule, mikono mapajani, nangoja.

Muuguzi wa jengo lile alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye hakujua kusema polepole. Kila saa kumi, kivuli cha jengo kikishafunika uwanja, alikuwa anapiga makofi. Wanaume wanakwenda barazani kucheza dame kwa vifuniko vya soda, wanawake wanatoka uani kwa nzango. Aliita ile dawa ya saa kumi, na alikasirika ukiikosa vile vile alivyokasirika ukitema kidonge. Aliponijia kitandani, nilipata maneno yangu ya kwanza baada ya muda mrefu, na yalikuwa ya ukali.

"Nimeleta ugonjwa, munanipa muchezo? Mi niko mujane. Hauone nguo?"

"Naona," akasema. "Sikuite ucheze. Nakosa muntu wa kuhukumu. Bale bamama banaibiana sana. Kaa tu kwa benchi, uangalie miguu, useme pointi ni ya nani. Kuangalia nayo ni mwiko?"

Nikawaza. Hakuna mzee aliyenikataza kuangalia. Nikaenda nikakaa.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka Misisi, mkubwa wa mwili, aliyekuwa anaosha mchanga wa dhahabu kule machimboni kabla hajaugua. Mwizi! Mwizi wa mguu wa namna ile sijamwona tena maishani. Alikuwa anachelewesha waziwazi, mchana kweupe, kisha anarukaruka kushangilia. Nikamnyima pointi. Akanibishia. Nikamnyima tena. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"We mujane," akasema, "unajua nini ya nzango? Si uliionaka tu kwa bengine?"

Mimi? Mimi ambaye shule nzima ilikuwa inanikimbia? Hasira ilinipanda kuanzia kwenye nyayo. Sikumbuki kuinuka kwenye benchi. Nakumbuka tu nimesimama mbele yake, nguo nyeusi nimeikusanya kiunoni, na ninamwambia, "Piga makofi, mwizi we." Akapiga. Nikamshinda. Akasema ni bahati, nikamshinda tena, na tena, mpaka wanawake wengine wakawa wanapiga vigelegele na muuguzi anacheka ameshika ukuta. Nilipoacha nilikuwa nahema, vumbi limefika magotini, na njaa imenishika. Njaa! Nikagundua kwamba muda wote ule sikuwa nimewaza ziwa.

Muuguzi alinieleza siku nyingine kwamba mtu aliyepata hofu kubwa mwili wake hukaza, na hauachii kwa kuambiwa achia. Unahitaji kuruka, kuimba, kutazamana na mtu mwingine. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimeshayaona mwenyewe. Nzango inataka macho yako yote. Unatafuta kwenye bega la mwenzio, kwenye goti lake, mguu upi unakuja, na huwezi kufanya hivyo huku umesimama ndani ya maji. Lazima uwe hapa, katika vumbi hili, na mtu huyu anayetaka kukuibia.

Siku zikapita. Nikawa nakula, nikawa nagombana, na mama wa Misisi akawa rafiki yangu, ingawa hakuacha wizi. Hapo ndipo shemeji alipotukuta.

"Shemeki, karibu," nilimwambia siku ile.

"Sikuje kukaribishwa. Kilio ya ndugu yangu haiyaisha, na we unarusha miguu mbele ya bantu. Unafurahia kufa kwake?"

"Nafurahia kupona."

"Mwenye anapona anatulia."

"Mutoto wangu iko muzima?"

"Mutoto ametulia. Ni we njo hauna adabu." Akanyoosha kidole kwenye miguu yangu yenye vumbi. "Acha ile muchezo. Kaa na kilio yako sawa bajane bengine, njo tutasema mambo ya mutoto. Ukiendelea, umusahau."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Nami nilibaki nimesimama pale, na furaha yote imenitoka.

Nikaacha. Sikieni vizuri, mimi mwenye mdomo huu, nilimtii. Nani asingetii? Ilikuwa mtoto wangu. Muuguzi hakunibembeleza wala hakunikemea, alisema tu kwamba atanishikia nafasi yangu kwenye mstari. Saa kumi ikifika nilikuwa nageukia ukutani nisisikie makofi. Chakula kikaanza kunishinda tena. Usingizi ukawa mwepesi, vidonge navyo namwambia muuguzi havifanyi kitu. Na alasiri moja mama wa Misisi alinikuta kwenye bomba la hospitali, robine kama tunavyoliita, nimelifungua, maji yanapita juu ya miguu yangu, nami nimesimama nangoja.

Akafunga bomba. Akanipiga kofi la bega, kofi la mtu aliyezoea kubeba magunia.

"Mutoto wako akikuja hapa," akasema, "atakuta nani? Robine?"

Nikacheka. Kisha nikalia mpaka nikakaa chini kwenye matope. Ndipo nikaona wazi kwamba nilichokuwa nafanya kilikuwa ujinga. Shemeji alitaka nitulie ndipo anirudishie mtoto, na nikitulia hakuna mama wa kurudishiwa. Basi nikasema moyoni: wapi! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye hajalala kwenye hiki changu.

Saa kumi ya siku ile ile nilikuwa kwenye mstari. Muuguzi alitaka kuniazima kitenge cha rangi, nicheze nacho ili watu wasiseme. Alisema pia tungeweza kuuita mchezo wetu mazoezi ya viungo, maana mazoezi hayamkasirishi mtu. Nikakataa yote mawili. "Ni nzango," nikamwambia, "na nitacheza na nyeusi yangu. Benye banataka niitoe, banajua njia ya Baraka."

Maneno hayo yalivuka ziwa kabla hata ya jua kuzama, kama kawaida ya maneno. Baada ya muda watu wa boti wakaniletea jibu: Jumapili baada ya ibada ukoo unakuja, pamoja na mama mkwe, pamoja na mtoto, kumaliza jambo hili.

Wakaja. Walikaa kwenye benchi la uani, shemeji upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, mtoto katikati. Mama mkwe wangu ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Naye alikuwa katika nyeusi. Ilikuwa imepauka mabegani kwa jua la Ubwari kama yangu ilivyopauka kwa la Baraka, na hilo sikuwa nimewahi kulifikiria.

Binti yangu alikuwa amesukwa nywele vizuri, amevaa gauni lenye kola na viatu vya kufunga. Nilimwita. Akaja, akapiga goti, akanisalimu kwa heshima jinsi mtoto anavyomsalimu mgeni, kisha akarudi kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kukumbatiwa, hata kwa kununiwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Unaona vile ametulia?" shemeji akasema. "Kwetu hasumbue muntu. Hatoke, hacheze, hapige makelele. Tulimufundisha kushika kilio ya baba yake."

"Anasemaka?" nikauliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, bila kuniangalia. "Kidogo tu. Na kula njo inamushinda."

Nikaitazama mikono ya mtoto. Ilikuwa mapajani, imelala, viganja juu. Niliijua ile mikono. Nilikuwa nimekaa nayo nyumbani kwangu tangu siku waliponivisha nyeusi mpaka nilipoingia ziwani. Hasira yangu ikarudi, ile ya kwenye nyayo, lakini safari hii ilikuja na hofu ndani yake.

"Shemeki, huyu mutoto anagonjwa."

"Anagonjwa nini? Si ametulia!"

"Na mi nilitulia vile vile! Nilitulia mpaka maji ikanifika kwa kiuno. Yangu muliita wazimu. Ya mutoto munaita adabu?"

Akasimama. "Sikiliza neno ya mwisho. Leo unaacha ile muchezo, unakuja Ubwari, unakaa kwa mama na kilio yako mpaka ziwa itamurudisha ndugu yangu. Ukikatala, mutoto anarudi na shiye, na hautamuona tena."

Mpaka ziwa litakapomrudisha! Aliyasema hayo kama mtu anayetaja siku ya soko. Nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa amefumba macho.

Saa kumi ikafika. Kivuli kilikuwa kimefunika uwanja. Muuguzi akatokea mlangoni, akanitazama, na hakupiga makofi. Aliniachia mimi. Nitawaambia ukweli: niliogopa. Nikipiga makofi yale, huenda namwona binti yangu kwa mara ya mwisho. Nisipoyapiga, tutakuwa wawili tumekaa, yeye na mimi, mikono mapajani, katika uwanja wa watu wengine, tukingoja ziwa. Mzee gani alinizalia huyu mtoto? Nani alikuwepo wakati ule wa uchungu, alikuwa shemeji? Nikainuka. Nikapiga makofi mimi mwenyewe.

Wanawake wakatoka ndani, mmoja mmoja, wakiwatazama wageni kwa wasiwasi. Mistari ikasimama. Mama wa Misisi akaanzisha wimbo. Nikaikusanya nguo yangu nyeusi kiunoni, nikaingia katikati, na hakuna aliyetoka upande wa pili kunikabili. Waliogopa kuniharibia.

"Nani anakuja?" nikapaza sauti. "Ama banaogopa?"

Ni maneno niliyokuwa namtania nayo binti yangu kila jioni, uani kwetu, mlango umefungwa. Sikumtazama nilipoyasema. Nilitazama chini, kwenye vumbi. Nikasikia benchi linalia.

"Kaa!" shemeji akasema.

Nikainua macho. Mtoto alikuwa amesimama, ameganda hapo hapo. Alimtazama bibi yake. Mama mkwe hakusema kaa, hakusema nenda. Mtoto akainama, akafungua viatu vyake, akavipanga chini ya benchi, akaja.

Makofi yake hayakutoa sauti. Aliruka chini chini. Wimbo ulipokatika akatupa mguu wa kulia, nami nikatupa wa kushoto, ikakutana, pointi yetu. Tukarudia. Wa kulia tena. Pointi yetu. Na tena. Wako watu watakaosema kwamba mtoto aliyeumia angeachiwa ashinde. Labda. Mimi nilitaka ajue kwamba mama yake amerudi, na mama yake hakuwahi kumwachia mtu pointi.

"Simamisha ile!" shemeji akamwambia muuguzi.

"Papa, ngoja muchezo ukatike," muuguzi akamjibu.

Tukaruka tena. Mguu wa kulia. Pointi yetu.

"Badilisha muguu, we mutoto!"

Sote tukageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, shingo imenyooka, mkono mmoja umenyooshwa kwetu.

"Kila mara muguu moja! Si unaona anakungojea nayo? Mubadilishie!"

"Mama!" shemeji akasema. "Na kilio ya mwana wako?"

"Kilio ni yangu. Mi njo nilimuzaa." Hakukaa. "Naangaliaka ile ziwa kila asubuhi. Haina kitu itarudisha. Na kila siku naweka chakula mbele ya huyu mutoto, ananiangalia tu. Nimechoka. Ziwa ilikula mwana wangu, huyu haitamukula. Atabaki kwa mama yake."

Shemeji akachukua kofia yake, akatoka kwenda bandarini kutafuta boti. Mama mkwe akabaki amesimama. Hakuniambia nivue nyeusi, na mimi sikumwomba.

"Sasa munangojea nini?" akasema. "Muruke."

Tukaruka. Safari hii binti yangu aliruka juu, na nikaona goti lake la kushoto limetangulia. Nikamwona mapema, nikatupa wa kulia. Ikakutana. Pointi yetu.

Akasimama. Akaitazama miguu yake, akaitazama yangu. Uso wake ukakunjamana, akaweka mikono kiunoni, na sauti ikamtoka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu upepo ule, ikawafanya hata wanaume waache dame yao barazani.

"Umechelewesha muguu! Mama, umeiba!"

Sikuwa nimeiba, na pointi sikumpa.

"Rudi kwa mustari," nikamwambia.

Akarudi huku ananisonya, akaanza kupiga makofi yeye kwanza.